Siku Sihaba Alipowaonjea Wageni wa Meli

Hadi siku ile ya meli, wifi yangu Sihaba alikuwa amewapikia watu wa bandarini miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukanyaga ndani ya geti. Alipika nje, ukutani. Asubuhi ukuta ulimpa kivuli. Jua likipanda kivuli kinaondoka, naye anabeba mafiga yake matatu na sufuria zake anahamia upande wa pili wa barabara, kisha alasiri anarudi. Watu wa Mwanza wa wakati ule wanamkumbuka hivyo, mwanamke anayehamahama na moto wake.

Baba yake alikuwa Mmanyema wa Ujiji aliyekuja huku na mzigo wa chumvi akabaki. Mama yake alikuwa Msukuma wa Nassa. Kwa baba alipata dini, kwa mama alipata mkono wa kupika. Kaka yangu Salum alimwoa mwaka wa arobaini na saba. Salum alikuwa kuli hapohapo bandarini, anabeba marobota ya pamba. Homa ya siku tatu ikamchukua, akamwacha Sihaba na watoto wawili. Eda ilipokwisha Sihaba hakurudi kwao. Alibeba sufuria akaenda kuwapikia wale waliokuwa wakifanya kazi na mumewe.

Alipika ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, sato wa kukaanga, ningu wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyaunga kwa karanga. Pembeni aliweka ungo wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani, kwa abiria wa Bukoba na Musoma waliotaka kitu cha kutafuna melini.

Askari wa geti alikuwa akija na fimbo.

"We mama, hapa si jikoni kwa mumeo."

"Mume wangu kazi yake ilikuwa humo ndani. Nifungulie basi nikapike humo."

Makuli wanacheka, na askari mwenyewe anacheka. Halafu akishamaliza kucheka anamwaga maji kwenye moto. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Sihaba hakuwa mtu wa kutukana. Alikuwa anangoja askari aende zake, anapangusa jivu, anawasha upya. Siku moja aliniambia, "Wifi, mimi siombi makubwa. Nataka siku moja nipike ndani ya geti, chini ya paa, mtu asije kunizimia moto." Hilo ndilo alilolitaka tangu nilipomjua akiwa mjane. Uhuru ulipokuja, Desemba ya mwaka wa sitini na moja, wengine walisema wanataka shule, wengine mashamba. Yeye alitaka hilo.

Na kweli lilikaribia. Mwezi mmoja baada ya bendera mpya kupandishwa, alikuja pale ukutani Bwana Nkwabi. Alikuwa kijana wa Kiseke, karani aliyesoma, na sasa amepewa kuongoza kamati ndogo ya kupokea wageni. Ilikuwako meli ya kuzunguka ziwa, inaleta watalii kutoka Kisumu. Zamani wageni hao walichukuliwa na gari moja kwa moja hadi hotelini, wakala vyakula vyao, wakarudishwa melini. Nkwabi alitaka mtindo mwingine. Alitaka wauone mji asubuhi na mchana waonje chakula cha wenyeji. Kamati ilikuwa imejenga banda ndani ya geti, nguzo nane, paa la bati, sakafu ya saruji na meza ndefu inayotazama ziwa.

"Shikamoo, mama Sihaba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umevaa tai. Unakwenda kuoa?"

"Nakuja kuposa. Naposa mapishi yako."

"Kaa kwanza ule. Mposaji mwenye njaa anakubali masharti yoyote."

Akakaa kwenye kigoda na tai yake ameitupa begani. Alikula ningu mzima, akanyonya hadi mifupa ya kichwa. Ndipo akamweleza. Meli ya kwanza ingefika tarehe kumi na tisa ya mwezi wa pili. Wageni wakila wakaridhika, banda ni la Sihaba. Kila meli ikija ni yeye, na siku ambazo hakuna meli apikie abiria na makuli humohumo.

"Na wasiporidhika?" Sihaba akauliza.

"Watakosaje kuridhika? Si mimi hapa nimelamba sahani."

Akasimama kuondoka, kisha akakumbuka kitu. "Kuna jambo moja. Nimeandika kwenye karatasi ya ratiba yao kwamba kwetu mwenye chakula anaonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone hakuna ubaya. Kwa mama yangu hata maziwa hayanywewi kabla mwenyewe hajaonja. Wazungu wanapenda sana mambo ya mila."

"Kwa mama yangu pia ni hivyohivyo," Sihaba akasema. "Nitaonja."

Wala yeye wala Nkwabi hakufikiria mwezi. Nami nilikuwa nimekaa hapo nachambua mchele, sikufikiria. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama ndipo tukahesabu kwa vidole, tukaona kwamba meli itaingia siku ya kumi na nne ya mfungo.

Sihaba alimwendea Nkwabi ofisini. Akaambiwa karatasi zimeshapigwa chapa na meli haiwezi kungoja Idi. Kutoka hapo akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kumuuliza. Mwalimu akamjibu kama anavyowajibu wanawake wote wanaopika futari: mpishi ana ruhusa kuonja kwa ncha ya ulimi, kisha ateme, kisipite kooni. Saumu haiharibiki. Sote twafanya hivyo kila alasiri ya Ramadhani. Hakuna mwanamke wa Kiislamu mjini kwetu asiyejua kuonja chumvi na kutema. Sihaba akarudi moyo umetulia, nami nikatulia. Jambo tulilolizoea jikoni hatukuliona kwamba lina sura nyingine mezani.

Siku ilipofika, meli ilitia nanga mapema. Walishuka wageni ishirini na kitu, wazee kwa vijana, wamevaa kofia za kila namna. Nkwabi alikuwa amekodi basi. Alisema wageni watapenda kumwona mpishi akinunua samaki mwenyewe, kwa hiyo Sihaba na mimi tukapandishwa, tukakaa kiti cha nyuma kabisa. Vyakula vingine tulikuwa tumekwisha kuvitayarisha tangu baada ya daku, vimefunikwa kule bandani, na jirani mmoja anavilinda.

Kwanza tulipelekwa kwenye yale mawe makubwa yaliyopandana ziwani karibu na gati, ambayo Wajerumani waliyapa jina la mkubwa wao. Nkwabi alieleza kwa Kiingereza muda mrefu. Wageni wakapiga picha.

"Anawaambia nini?" Sihaba akaninong'oneza.

"Sijui. Nadhani anawaambia yametoka wapi."

"Yametoka wapi tena? Si yapo hapohapo."

Tukacheka chinichini kama wasichana. Kisha basi likapanda kilimani, wakaona mji ulivyotandazwa na mapaa yake ya bati katikati ya majabali, na visiwa kwa mbali. Lazima nikiri kwamba hata mimi sikuwahi kuuona mji wangu kutoka juu vile. Kutoka hapo tukateremka Kirumba, mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki.

Mvuvi wetu, Ngosha, alikuwa amesimama majini hadi magotini, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu Sihaba. Leo umeleta wakwe?"

"Nimeleta wateja. Nipe samaki wa heshima, usinipe wa jana."

"Wa jana nimempelekea mama mkwe wangu."

Sihaba akachagua. Alifunua mashavu ya kila samaki, akabonyeza tumbo, akanusa, akarudisha, akachukua mwingine. Bibi mmoja mrefu miongoni mwa wageni, mwenye kofia ya ukindu, akainama naye akabonyeza tumbo la sato kwa kidole kimoja. Akanusa kidole chake, akaangua kicheko.

"Huyu anajua kazi," Ngosha akasema. "Mwache anunue yeye. Wewe umezoea kunipunja."

Hapo mwaloni niliomba kupita nyumbani kwa rafiki yangu kujisitiri. Ndipo nikaona kwamba saumu yangu imeondoka. Damu ilikuja kabla ya siku zake. Nikajifunga vizuri, nikanywa maji kwa kata ya mwenyeji wangu maana jua lilikuwa kali, nikafuta midomo, nikarudi kwenye basi. Sihaba alikuwa amepakata kapu la samaki.

"Mzima?" akaniuliza.

"Mzima."

Lilikuwa jambo la kumnong'oneza tu. Basi lilikuwa na wanaume mbele yetu na dereva alikuwa mtu wa mtaani kwetu. Nikasema moyoni, nitamwambia tukifika jikoni. Tulipofika jikoni kulikuwa na moto na haraka, na sikumwambia.

Basi liliingia getini bila kusimama. Askari alilipigia saluti. Sihaba aligeuka akautazama ukuta wake kupitia dirishani, mahali ambapo moshi wake wa miaka kumi na moja umeacha weusi. Akasema, "Kumbe ukiwa huku ndani unaonekana mfupi." Alishuka, akavua viatu, akaikanyaga ile sakafu ya saruji kwa miguu mitupu akaenda hadi mwisho wa banda na kurudi. Kisha akawasha moto, na siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuuzima.

Nilimsaidia kukaanga na kukoroga. Sijapata kumwona akipika vile. Sato walitoka rangi ya shaba. Ningu alichemka polepole mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe bila kutiwa kitu. Nsansa zilinukia karanga hadi kwenye gati, makuli wakawa wanapita karibu bila sababu.

Nkwabi alikuwa amewaalika pia wazee wanne wa mji, wakae kwenye benchi upande wa ziwa, wageni wapate kuona wenyeji wenyewe. Mmoja wao alikuwa mkwe wangu, Mzee Mbaruku, baba wa mume wangu, fundi cherehani wa Kirumba. Alikuja na kanzu nyeupe na koti jeusi na fimbo yake, akakaa wima kama aliyekuja kutoa ushahidi. Mkwe wangu hajawahi kuniona nikila, achilia mbali mwezi wa Ramadhani mchana. Kwetu mke wa mwana akisikia kikohozi cha mkwe anaweka sahani chini.

Wageni wakaketi. Nkwabi akasimama, akasema maneno yake, akamwita Sihaba. Sufuria tano zilikuwa zimepangwa mbele ya meza. Wengine walikuwa wameinua kamera.

Sihaba alichovya kijiko katika mchuzi wa ningu. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akatulia kidogo kama anavyofanya siku zote kupima chumvi, kisha akageukia upande wa ziwa akatema mchangani, taratibu, akajifuta kwa upindo wa kanga. Alikuwa na adabu yake, aliwapa mgongo. Lakini wenye kamera walikuwa wameshamzunguka wapate kuuona uso.

Akaenda sufuria ya pili. Akaonja, akageuka, akatema.

Kufikia ya tatu, ambayo ni nsansa, kamera zilikuwa zimeanza kushushwa. Msichana mmoja wa Kizungu aliweka mkono mdomoni. Bwana mmoja mnene alicheka peke yake, akaacha. Yule bibi wa kofia ya ukindu, aliyebonyeza samaki mwaloni, akaweka kijiko chake mezani na kukisogeza mbali kidogo kwa kidole. Nilitamani kumvuta kanga Sihaba asiendelee. Yeye alikuwa ameelekeza akili yake yote kwenye saumu, kisipite kitu kooni, wala hakuona nyuso. Akamaliza ya nne, akamaliza ya tano. Akageuka kwao na tabasamu lake lile.

"Karibuni," akasema. "Ni salama."

Hakuna mkono uliosogea.

Nkwabi alitokwa na jasho kwenye kola. Akasema kitu kwa Kiingereza, haraka haraka. Wageni wakatazamana. Tulikuja kujua baadaye, kwa karani mmoja wa hapo bandarini aliyekuwa amesimama karibu, alichosema: alisema mama huyu tumbo linamsumbua leo. Kijana aliona haya kuwaambia kwamba amemlazimisha mtu aliyefunga kuonja mbele yao kwa sababu ya karatasi zilizopigwa chapa. Alitafuta neno la kumtoa, na hilo ndilo likamkalia mdomoni. Baada ya kusikia kwamba mpishi anaumwa tumbo, nani angekula?

Akaona mwenyewe amefanya nini. Akamsogelea Sihaba, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa hapo ubavuni na wazee walikuwa hatua tatu tu.

"Mama, kula kidogo tu. Kijiko kimoja, wakuone unameza. Mungu anaona kwamba ni kazi."

"Mwanangu, ndiyo maana siwezi," Sihaba akasema. "Anaona."

"Banda litatuponyoka."

"Najua."

"Basi huyu dada yako aonje. Naye ni mpishi, wamemwona kwenye basi." Akanigeukia. "Dada, na wewe umefunga?"

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana tangu siku hiyo. Hapakuwa na swali rahisi kuliko hilo. Kama ningenyoosha mkono nikachukua kipande cha sato nikakitafuna mbele yao, nikachukua cha pili, nikalamba na vidole, wangecheka, wangekula. Sihaba alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba, kwa sababu hakujua kuna cha kuniomba. Nyuma yake nilimwona Mzee Mbaruku ameinua uso, mikono yote miwili juu ya fimbo, anangoja kusikia mke wa mwanawe atajibu nini. Kusema sikufunga ilikuwa kumtajia yeye na wazee wenzake sababu, mchana kweupe.

"Nimefunga," nikasema.

"Wifi yangu amefunga," Sihaba akamwambia Nkwabi, kama mtu anayeniwekea dhamana.

Wageni walikaa kidogo kwa heshima. Bwana mmoja mzee akachukua kipande cha mchembe, kwa kuwa kilikuwa kikavu nadhani, akakitafuna, akatikisa kichwa kwamba ni kizuri, akatia vingine viwili mfukoni. Huyo peke yake. Wengine walinyanyuka mmoja mmoja, wakapiga picha za ziwa, wakarudi melini kula chakula cha melini. Saa kumi meli ilipiga honi na kuondoka.

Makuli ambao si Waislamu walikula mchana huo wakashiba, wakambariki. Kilichobaki tulikibeba kichwani hadi kwake, tukapita geti lilelile kwa miguu, Sihaba mbele na mimi nyuma.

Jioni watu walikuja kufuturu kwa Sihaba kwa sababu chakula kilikuwa kingi. Mzee Mbaruku alikuja pia, akakaa barazani na wanaume. Tulimsikia akiwasimulia. "Wanawake wa nyumba hii," akasema, "wameshika dini mbele ya Wazungu na mbele ya karani mwenye tai. Wote wawili. Wengine wangeuza saumu yao kwa banda la bati." Wanaume wakaitikia. Sihaba alinitazama akatabasamu, ndilo tabasamu la kwanza tangu mchana. Alisema, "Angalau hilo tumelipata, wifi." Adhana ikalia. Niliinua kikombe cha uji pamoja nao, nikasoma dua ya kufuturu pamoja nao.

Siku ya tatu Nkwabi alikuja ukutani. Safari hii hakukaa kwenye kigoda.

"Mama Sihaba, usinione vibaya. Si mimi, ni kamati."

"Si wewe ndiye kamati?"

"Mimi ni mmoja tu."

"Hukuwaambia kwamba nilikuwa nimefunga?"

"Niliwaambia. Wakasema basi atafutwe asiyefunga."

"Mwezi si unakwisha, mwanangu. Bado siku kumi na tatu."

"Wamesema mwakani mwezi utarudi tena."

Sihaba akakoroga sufuria yake. "Ni kweli," akasema. "Utarudi."

Akamkaribisha chakula, naye akasema ameshiba. Banda alipewa Tereza, aliyekuwa jikoni hotelini siku nyingi. Tereza hakuwa mtu mbaya. Aliwapikia wageni kuku wa kuoka na viazi vya kuchonga, na karatasi ikaendelea kusema kwamba hicho ni chakula cha wenyeji. Siku moja alikuja ukutani kwa aibu kumuuliza Sihaba nsansa zinalowekwa muda gani. Sihaba akamfundisha kila kitu, hata kipimo cha karanga. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Watu wakila kibaya watasema chakula chetu ndicho kibaya."

Idi ikapita. Katika Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nilianza kulipa siku zangu. Wiki ya pili nilikwenda kumsaidia Sihaba kuanika viazi, kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba yake, ambako michembe hukauka vizuri kwa joto la jiwe. Akaniletea kahawa. Nikasema nimefunga.

"Unafunga sita?" akauliza. Watu wengi hufunga siku sita za sunna katika mwezi huo.

Ningeitikia tu, na mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimekwisha kudanganya mara moja juu ya saumu, na sikuweza mara ya pili.

"Nalipa," nikasema.

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Zilikupata kumi la mwisho? Pole. Zilikukosesha usiku mzuri."

"Hapana. La kati."

Alikuwa anatandaza vipande vya viazi, kimoja kimoja, visigusane. Aliendelea kutandaza. Kisha mkono ukaanza kwenda taratibu.

"Zilianza lini, wifi?"

"Siku ya meli."

"Jioni?"

"Asubuhi. Tulipokuwa mwaloni."

Alikaa juu ya jabali. Chini yetu mtu alikuwa anaita ng'ombe. Niliona anaipitia siku ile yote kichwani, kutoka mwaloni hadi getini, kutoka getini hadi kwenye meza ile, na mimi ubavuni kwake.

"Basi ungeweza kula," akasema.

"Ningeweza."

"Ulimwonea haya mkweo."

"Nilimwonea haya."

"Nami nikakudhamini." Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ningeshukuru. Nikamwomba radhi, nikalia, akaniambia nyamaza, nimekusamehe, usiifungue saumu yako kwa kulia. Akachukua kikombe cha kahawa alichoniletea akakinywa yeye. Tukamaliza kuanika viazi.

Najua alinisamehe, kwa sababu alikuwa mtu asiyeweza kusema hivyo kwa mdomo tu. Aliniuguza nilipojifungua, akawafundisha binti zangu kuunga nsansa. Alipika ukutani miaka sita mingine, akihama na kivuli. Askari wa geti walibadilika, yule wa fimbo akaenda, akaja mwingine mwenye fimbo yake. Kila meli ya watalii ilipoingia Sihaba aliendelea na kazi yake bila kugeuza shingo. Lakini tangu siku ile ya jabalini hakuniita wifi tena. Aliniita Bi Sada, kama anavyowaita wanawake wanaokuja kununua. "Karibu, Bi Sada." "Asante, Bi Sada, sufuria nitabeba mwenyewe." Hata mwaka wa sitini na nane alipokuwa amelala kitandani hawezi kuinuka, nilimpelekea uji, nikamshika kichwa anywe. Alikunywa vijiko viwili.

"Basi inatosha," akasema. "Mungu akulipe, Bi Sada."